Tunga Wimbo kwa Nota Nne za Mpiga Debe

Simama dakika tano kwenye daladala za Mbezi Luis, karibu na Stendi ya Magufuli, umsikilize mpiga debe akiita abiria kwa jina la kituo: "Makumbusho! Makumbusho!" Yule niliyemsikia mimi alikuwa anaimba kabisa: "ma" na "ku" anazipita haraka huku chini, anaruka juu kwenye "mbu" na kuivuta, kisha anashuka kidogo kwenye "sho". Kwa lugha ya wanakwaya: do do so mi.

Kipande kifupi namna hiyo huitwa motifu, nacho kinatosha kuzaa wimbo. Mtunzi mchanga huponzwa na utajiri. Anamimina tuni sita kwenye wimbo mmoja, na msikilizaji anarudi nyumbani hana hata moja. Simfonia ya 5 ya Beethoven, iliyopigwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1808, inafunguka kwa nota nne tu, tatu fupi na moja ndefu, na sehemu nzima ya kwanza inazikamua hizo hizo.

Kabla ya kukamua, pima mapigo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "mbu" ndiyo ikae kwenye pigo zito. Zipe "ma" na "ku" nusu pigo kila moja, "mbu" mapigo mawili, "sho" moja: jumla manne. Nyimbo nyingi zilizotafsiriwa kutoka Ulaya huteleza hapa. Uzito huangukia silabi ya mwisho na neno linasikika kama la mgeni. Mpiga debe hakosei, maana akikosea abiria hamwelewi.

Sasa kazi yenyewe. Unaweza kurudia motifu ilivyo. Unaweza kuihamisha ngazi moja juu: re re la fa. Unaweza kuipindua, ilikopanda ishuke na iliposhuka ipande: so so do mi. Unaweza pia kuikata, ubaki na mkia tu, so mi. Mimi napenda kukata kuliko yote, kwa sababu masikio huanza kuidai ile nusu iliyokosekana.

Panga hivi:

do do so mi – do do so mi – re re la fa – (kimya) so mi so re
so so do mi – do do so mi – (kimya) so mi so mi – mi mi re do

Penye kimya, nyamaza pigo moja uvute pumzi, kisha imba haraka, kila nota nusu pigo, ila ya mwisho ivute pigo moja na nusu. Mstari wa kwanza unakomea kwenye re, nota isiyotulia, kama mtu aliyeuliza swali na kusubiri jibu. Wa pili unaingia nyumbani, do. Yote ni mapigo 32. Ukienda mapigo 80 kwa dakika, wimbo unaisha kwa sekunde 24.

Rekodi kwa simu, na uandike nota siku hiyo hiyo, maana tuni hupotea usingizini. Usiogope kwamba hujui kusoma mistari mitano ya muziki. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule wa Afrika Kusini, alitunga mwaka 1897 kwa hizi hizi do re mi, na tuni yake ndiyo tunayoiimbia "Mungu Ibariki Afrika".

Ukiwapelekea wanakwaya, besi washikilie do kwenye mstari wa kwanza, isipokuwa kwenye re ya mwisho. Hapo wahamie so. Wengine wasiongezewe chochote mpaka wote waweze kuimba ile mistari miwili bila karatasi. Na maneno? Anza na "Makumbusho" lile lile. Ukipata neno lako la silabi nne, libadilishe.