Kisanduku Kikigeuka Kijani, Bado Soma Jina

Leo tunaingia nyuma ya skrini kidogo. Usiogope, huhitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta kuelewa somo hili.

Wengi wenu mnaoendesha duka, saluni, duka la dawa au ofisi ndogo hamtumii simu peke yake. Kuna ile programu kwenye kompyuta pale kaunta, yenye visanduku vya kuandikia nambari ya simu, kiasi na jina la bidhaa. Ukikosea, kisanduku kinakuwa chekundu. Ukiandika sawa, kinakuwa kijani. Baada ya wiki mbili umeshazoea, hata husomi tena. Unaona kijani, unabonyeza Tuma.

Hapo ndipo pesa hupotea. Kwa hivyo tuanze na swali rahisi: hiyo rangi inatoka wapi?

Rangi huwekwa na mtu

Programu za kompyuta huandikwa kwa lugha maalum. Moja inayofundishwa sana vyuoni ni Python, na kifaa chake cha kutengenezea madirisha kinaitwa Tkinter. Ndani ya Tkinter, kisanduku cha kuandikia kinaitwa Entry, na rangi zake zina majina. bg ni rangi ya nyuma. fg ni rangi ya maandishi. insertbackground ni rangi ya kile kijistari kinachowakawaka unapoandika. disabledbackground ni rangi ya nyuma wakati kisanduku kimefungwa.

Kuzibadilisha ni mstari mmoja tu:

kisanduku.config(bg="light green", fg="black")

Basi, kisanduku kimekuwa kijani. Kompyuta yenyewe haijui kwamba kijani maana yake ni salama. Aliyeandika programu ndiye aliyeamua: nambari ikiwa na tarakimu 10 na ikianza na 07 au 01, weka kijani, la sivyo weka nyekundu. Angeamua kinyume, kompyuta ingetii bila kuuliza.

Kijani inasema nini?

Tuseme una kibanda cha mboga na unamlipa muuzaji wa jumla pale Marikiti shilingi 8,500. Ukiandika nambari yake unapindua tarakimu mbili za mwisho, iliyofaa kuja mwanzo inakuja mwisho. Nambari bado ina tarakimu 10 na bado inaanza na 07. Kisanduku kinakuwa kijani.

Halafu kwenye kiasi, kidole kinateleza, sufuri inaongezeka. Sasa ni 85,000. Kama salio lako linatosha na hujapita kiwango kinachoruhusiwa, hicho kisanduku nacho kinakuwa kijani.

Visanduku viwili kijani, na pesa inaenda kwa mtu usiyemjua, tena mara kumi ya deni lako. Programu haijaharibika. Ilikagua ilichoambiwa ikague: idadi ya tarakimu na salio. Haikukagua kama huyo ni muuzaji wako, wala kama mlikubaliana bei hiyo. Kijani inasema nambari imeandikwa kwa umbo sahihi, basi. Jina la mpokeaji ndilo litakalokuambia kama ni yeye, na jina lazima ulisome wewe.

Kama unatengenezewa programu

Huenda kijana wako yuko chuoni na amekuahidi kukuandikia programu ya duka. Mpe kazi, lakini mwambie azingatie haya.

Kwanza, akibadilisha rangi ya nyuma, abadilishe na ya maandishi pia. Akiweka nyuma nyeupe na kuacha maandishi kama yalivyo, kompyuta iliyowekwa mandhari ya giza inaweza kuonyesha maandishi meupe juu ya weupe. Utaandika kiasi bila kukiona. Kile kijistari nacho kipewe rangi inayoonekana.

Pili, maandishi yatofautiane vya kutosha na rangi ya nyuma. Kuna mwongozo wa kimataifa uitwao WCAG. Uliandikwa kwa ajili ya tovuti, lakini unafaa hapa pia. Unataka tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Kijivu hafifu cha #AAAAAA juu ya nyeupe ni kama 2.3 kwa 1 tu. Kinapendeza kwenye picha ya tangazo, lakini pale kaunta jua la saa nane likipiga skrini, 3 na 8 zitafanana.

Tatu, rangi isiachwe iseme peke yake. Kuna watu ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na wanaume huathirika zaidi kuliko wanawake. Mfanyakazi wako anaweza kuwa mmoja wao na hajawahi kukuambia. Kwa hivyo chini ya kisanduku chekundu pawe na maneno: "Nambari ina tarakimu 9, inahitaji 10." Maneno hayo humsaidia kila mtu, kwa sababu nyekundu tupu hukuambia kuna kosa bila kukuambia ni lipi.

Nne, jumla inayopigwa na kompyuta iwekwe kwenye kisanduku kilichofungwa, chenye rangi tofauti na vile vya kuandikia. Hapo hakuna mtu atakayeibadilisha kwa bahati mbaya, na mfanyakazi mgeni ataona mara moja pa kuandika na pa kusoma tu.

Kidokezo kwa kijana: akitumia visanduku vya aina ya ttk, rangi ya nyuma hupangwa kupitia Style, kwa jina fieldbackground, na mandhari ya kawaida ya Windows yanaweza kuipuuza. Akiona rangi haibadiliki, ajaribu mandhari yanayoitwa clam.

Rangi zetu si kitambulisho chetu

Hili ndilo tunaloomba ulishike hata kama mengine utayasahau. Kama rangi hubadilishwa kwa mstari mmoja, basi mtu yeyote anaweza kutengeneza dirisha lenye rangi zetu, visanduku kama vyetu, hata nembo yetu. Dirisha kufanana na letu hakuthibitishi kwamba ni letu.

Angalia zaidi kisanduku cha nambari ya siri. Mteja anapolipa dukani kupitia kompyuta yako, ombi la malipo linafaa kufika kwenye simu yake, na nambari ya siri anaiandika pale pale kwenye simu yake. Programu ya duka haihitaji kuiona. Ukikuta programu ya kaunta ina kisanduku kinachoomba nambari ya siri ya mteja, hata kama kinaonyesha nyota badala ya tarakimu na rangi zimepangwa vizuri, simamisha kazi na utupigie. Nyota huficha nambari kwenye skrini tu. Programu yenyewe inaisoma yote.

Kabla hujabonyeza Tuma

Jizoeze hatua hizi nne. Hazichukui hata nusu dakika.

1. Soma nambari kwa vikundi, tarakimu tatu tatu, ukilinganisha na ile uliyopewa.
2. Soma kiasi kwa sauti: "elfu nane mia tano." Sufuri ya ziada husikika haraka kuliko inavyoonekana.
3. Soma jina la mpokeaji lote. Kama si lile unalolitarajia, ghairi kwanza, uliza baadaye.
4. Baada ya kutuma, subiri ujumbe wa uthibitisho. Kwa anayeuza, bidhaa isitoke kaunta kwa sababu skrini ya mteja imekuwa kijani. Angalia kama pesa imeingia kwenye akaunti yako.

Na ikitokea umeshatuma kwa nambari isiyo sahihi, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo. Aliyepokea akishatoa pesa, kuirudisha kunakuwa kazi ngumu zaidi, kwa hivyo usingoje kufunga duka jioni.

Kama una mfanyakazi pale kaunta, msomee hatua hizo nne leo, kisha mwambie azibandike kando ya skrini.