Dondoo muhimu: Kabla hujafuga nyoka Iringa

Kibali kwanza. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 haikuruhusu kumkamata nyoka porini ukaenda kumfuga kienyeji. Anzia ofisi ya wanyamapori. Koboko, swila na kifutu wasahau kabisa.

Shida kubwa ni baridi. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na nyoka hajitengenezei joto. Bila pembe moja ya sanduku kuwa na nyuzijoto 28 hadi 32, chakula kitamwozea tumboni. Umeme ukikatika Julai, mwekee chupa ya maji moto iliyoviringishwa taulo. Jiko la mkaa, usithubutu.

Kifuniko kiwe na komeo. Na mwenye nyumba mwambie mapema, asije akagundua mwenyewe.