Cheti cha Simu, Kazi ya Mwaloni

Mtu wa kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, anayetaka kumwona daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya Bugando, Mwanza, huvuka kwanza kwa kivuko hadi Bugolora, akapanda gari mpaka Nansio, kisha akangoja meli ya Mwanza. Ndiyo maana watu wa visiwani na wa mialoni, boti za uvuvi zinakotia nanga, huuliza kama wanaweza kujifunza wenyewe, kwa simu, namna ya kumsaidia jirani aliyeelemewa. Wataalamu wa fani hii wana majibu, na si yote yanayomfurahisha anayetafuta cheti cha haraka.

Je, asiye daktari anaweza kweli kusaidia?

Anaweza. Huko Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa Mbare kukaa na wenye sonona kwenye benchi la nje ya zahanati na kutafuta pamoja nao njia ya kulikabili tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye mabenchi hayo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nairobi nako wahudumu wa afya wa jamii walifundishwa mbinu ya Shirika la Afya Duniani yenye vikao vitano tu. Katika utafiti wa wanawake 421, uliochapishwa mwaka 2017, waliopata vikao hivyo walipata nafuu zaidi ya wenzao.

Habari ya benchi husimuliwa sana, na nusu yake ya pili huachwa: akina bibi wale na wahudumu wa Nairobi walikuwa na msimamizi wa kumrudia na kumweleza yaliyowashinda. Hapo ndipo mafunzo mengi ya mtandaoni yanapopwaya.

Basi simu inafundisha nini?

Maarifa, tena mazuri. Mtu anaweza kujifunza kutambua sonona, kifafa, ulevi uliopindukia na dalili za mtu anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine. Shirika la Afya Duniani lina kozi ya bure ya QualityRights, inayohusu haki za wagonjwa. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kina masomo ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwenye jukwaa la mtandaoni la Coursera, kwa Kiingereza. Asiyekijua Kiingereza asikate tamaa, kwani mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma hiyohiyo umetafsiriwa kwa Kiswahili, na kiini chake ni mambo matatu: kutazama, kusikiliza, kuunganisha.

Mambo hayo yanaonekana mepesi mpaka siku ya msiba mkubwa. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu 228 walikufa. Katika maafa ya namna hiyo, ndugu anayengoja ufukweni huhitaji maji, kivuli, habari za uhakika na mtu wa kumfikisha panapoandikwa majina. Hahitaji mgeni wa kumhoji alivyojisikia. Mwongozo unasema wazi kwamba mtu asilazimishwe kusimulia yaliyompata.

Na kipi hakifundishiki kwa simu?

Kunyamaza. Video haiwezi kumwambia mwanafunzi kwamba amemkatiza mwenzake mara tatu, au kwamba amekimbilia kutoa nasaha kabla hajaelewa shida. Hilo hujulikana kwa kuigiza mazungumzo mbele ya mtu mzoefu. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walizindua mwaka 2022 nyenzo iitwayo EQUIP, ambayo humpima mhudumu kwa anachokifanya mbele ya mwigizaji wa mgonjwa. Mwanafunzi wa Mwanza afanye hivyo na wenzake, kisha amtafute muuguzi au ofisa ustawi wa jamii atakayekubali kumsimamia.

Cheti kinamruhusu kufanya nini?

Kidogo. Hakimfanyi mshauri wa kitaalamu, na asithubutu kugusa dawa za mgonjwa. Anayetaka sifa zinazotambulika aulize kama chuo kimesajiliwa na NACTVET au TCU, vyombo vya serikali vinavyosimamia vyuo, kabla ya kutuma hata shilingi. Kwa wengi njia ya karibu ni mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliozinduliwa na serikali ya Tanzania Januari 2024. Kozi ya simu humsaidia anayepitia huko, lakini haichukui nafasi ya mpango huo.

Siri itakaaje, kijijini watu wanapojuana hivi?

Kwa kutokuandika jina kwenye simu, na kwa kutopeleka kisa cha mtu kwenye kundi la WhatsApp hata kama jina limefichwa. Mwaloni, ukitaja boti umeshamtaja mwenye boti.

Mtu akisema amechoka kuishi?

Aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Tatizo ni kwamba kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, kwa hiyo familia huficha, na mhudumu asishangae kuambiwa kwamba ilikuwa ajali. Asimwache mtu huyo peke yake. Dawa za kupulizia pamba ziondolewe nyumbani. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na kama ni mtoto, kuna namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, ambayo ni bure.