Betri ya Gari Nyumbani: Ichote kwa Kipimo

Mtu mmoja asome somo hili kwa sauti, polepole. Mwishoni kuna maswali. Msiyaruke.

Kisa

Jioni moja tulikuwa na harambee ya kikundi upande wa Bomet. Mahali hapo hapana stima. Tulitumia betri ya pikapu ya jirani, ile inayobeba majani chai, kwa taa, spika na kuchaji simu za watu. Tulifurahi mpaka saa tano. Saa nane usiku mama mmoja akashikwa na uchungu wa kuzaa. Dereva akazungusha ufunguo: tik, tik, basi. Gari halishiki. Tulilisukuma kwenye matope, hata mimi, mpaka kwenye mteremko ndipo likashika. Mama alifika hospitali, akajifungua salama. Lakini je, kama pasingekuwa na mteremko?

Kwa nini ilizima?

Betri zinafanana kwa nje, lakini kazi zake ni mbili. Betri ya kuwashia gari, trekta au mashua ina sahani nyembamba nyingi za risasi. Inatoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, halafu injini inaijaza tena. Ni kama kijana anayeinua gunia mara moja na kulitua. Betri ya sola ina sahani nene. Hiyo ni kama mama mchuma chai: anaenda polepole, lakini anaenda kutwa. Ukimlazimisha yule kijana abebe gunia siku nzima, atavunjika mgongo.

Betri ya kuwashia ikimalizwa mara kwa mara, na kuachwa bila chaji, chumvi ya risasi inaganda kwenye sahani. Baada ya hapo haishiki chaji vizuri tena.

Tupige hesabu

Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 ina wati-saa 600 (12 × 50). Kama ni lazima iwashe gari asubuhi, usitumie zaidi ya sehemu moja kati ya tano, yaani 120. Kama ni ya nyumbani tu, ishia nusu, yaani 300. Betri nzee ina pungufu.

Matumizi ya usiku mmoja:
- Taa 2 za LED, wati 5 kila moja, saa 4: 40
- Redio ya wati 5, saa 4: 20
- Simu 3, wati-saa 10 kila moja: 30
Jumla: 90.

Ukiongeza televisheni ndogo ya wati 20 kwa saa 3, ni 60 zaidi. Jumla 150. Hapo umeshapita kipimo cha gari. Kwa betri ya nyumba, ni usiku 2, kisha ipelekwe kuchajiwa.

Njia nyingine ni mita ya fundi. Betri ikipumzika saa chache, volti 12.6 ni kujaa, 12.2 ni karibu nusu. Ikifika 12.0, acha kabisa.

Usalama

1. Weka fyuzi kwenye waya mwekundu, karibu na betri. Waya zikigusana bila fyuzi, zinawaka moto.
2. Simu inataka volti 5. Tumia chaja ya gari. Redio ya betri kavu 4 inataka volti 6. Ukiiunga moja kwa moja kwenye 12, itaungua.
3. Kufunga, anza na waya mwekundu. Kufungua, anza na mweusi.
4. Betri ikichajiwa inatoa gesi inayolipuka. Usichaji chumba cha kulala wala karibu na jiko, koroboi au sigara.
5. Ongeza maji safi ya betri tu, si ya mtoni. Asidi ikiingia machoni, osha kwa maji mengi dakika 20, kisha hospitali.

Tufanyeje?

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, simu ni benki yetu. Hatuwezi kukaa bila chaji. Basi pesa za bonasi zikija, kikundi kifikirie kununua betri ya sola na paneli yake. Kumbukeni mvua na mawingu ya kwetu: paneli inayotosha mahali pa jua kali huenda isitoshe hapa. Na betri ya gari ibaki kwenye gari.

Maswali ya kujadili

1. Nani kijijini ana gari la kupeleka mgonjwa usiku? Betri yake inatumiwa kwa nini tena?
2. Andikeni vitu vyenu vyote vya stima na wati zake. Jumla ya usiku mmoja ni ngapi?
3. Nani atatunza daftari la betri, na nani ataikagua kila wiki?

Msifunge mkutano kabla swali la 3 halijapata majina mawili.