Makuzi ya Binadamu na Jamaa: Yamhusu Nini Mwalimu wa Shule ya Msingi?

Walimu-wanafunzi wengi wakisikia kwamba vyuo vikuu hufundisha makuzi ya binadamu tangu mimba hadi uzee, pamoja na uhusiano wa watu katika jamaa, hudhani kwamba elimu hiyo ni ya mabingwa. "Sisi tutafundisha watoto," husema, "uzee watuhusu nini?" Katika somo hili tunakusudia kuonyesha kwamba watuhusu sana.

Tuanze na kisa. Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha, tulikaa nyuma ya darasa la pili. Mwalimu-mwanafunzi alikuwa na andalio zuri la somo na zana za kutosha. Mtoto mmoja aliingia amechelewa, akaulizwa sababu, akanyamaza. Akaamriwa kusimama pembeni mpaka kipindi kiishe. Nasi tukaandika kwamba nidhamu ya darasa ni nzuri. Baadaye mwalimu mkuu alitueleza kwamba mtoto yule alilelewa na bibi yake mgonjwa, na kila asubuhi alimtekea maji kabla ya kuja shuleni. Kosa lilikuwa la mwalimu yule, na letu vilevile: tulipima utulivu wa darasa, tukasahau kumtazama mtoto.

Erik Erikson, katika kitabu alichokitoa mwaka 1950, aliyagawa maisha ya binadamu katika vipindi 8. Mtoto mchanga hujifunza kuwaamini wamleao, au kutowaamini. Mtoto wa umri wa shule ya msingi hutaka kujiona kwamba aiweza kazi. Akidharauliwa kila mara, hujiona duni. Mzee naye huyatazama maisha yaliyopita, akaridhika au akajuta. Katika nyumba ile vipindi viwili vilikutana chini ya paa moja. Kuteka maji kulimpa mtoto thamani mbele ya bibi yake. Shuleni kukamletea aibu.

Ushahidi mwingine ulipatikana hapa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1954 na 1955, Mary Ainsworth alizitembelea jamaa 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akawatazama watoto wachanga pamoja na mama zao. Matokeo yalitolewa kitabuni mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto mwenye imani na mama yake huthubutu kutambaa mbali naye ili kuchungua vitu, kisha humrudia. Imani, basi, haimfungi mtoto. Humpa ujasiri wa kujifunza.

Je, mtoto aliyezaliwa katika dhiki hana tumaini? Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia kwa miongo kadhaa watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Miongoni mwa waliokulia katika umaskini na ugomvi wa nyumbani, kiasi cha theluthi moja walikuwa watu wazima wenye uwezo na utu. Aghalabu walikuwa na mtu mzima aliyewajali: bibi, babu, shangazi, au mwalimu. Mwalimu-mwanafunzi na alikumbuke neno hilo la mwisho.

Hata hivyo, vipindi vya wataalamu si rula ya kumpimia kila mtoto. Katika jamaa zetu mlezi aweza kuwa nyanya, mama mdogo au dada mkubwa, na kuwa na walezi wengi si upungufu.

Kwa hiyo, mwalimu afanye yafuatayo:

1. Ajue kila mtoto anaishi na nani, na ana kazi gani nyumbani.
2. Amwulize mtoto faraghani, si mbele ya wenzake.
3. Ampe kila mtoto kazi anayoiweza, kisha aikuze kidogo kidogo.
4. Awaalike wazee darasani wasimulie historia ya kijiji. Mtoto atajifunza, na mzee ataheshimiwa.

Mtoto yule tulimwona tena kabla ya mazoezi kwisha. Mwalimu wake alikuwa amemkabidhi mtungi wa maji ya darasa, naye akieleza jinsi ya kuyapima kwa kibaba. Ripoti yetu tuliiandika upya.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini ukimya wa mtoto si ushahidi wa ukaidi?
2. Andika andalio la somo la Hesabu litokalo katika kazi za nyumbani za watoto.