Rangi za Nebula na Maduara ya Nuru: Uchakataji wa Picha za Anga kama Tafsiri

Utangulizi

Picha ya Nguzo za Uumbaji, iliyopigwa kwa Darubini ya Hubble tarehe 1 Aprili 1995 na kuandaliwa na Jeff Hester na Paul Scowen wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, ni miongoni mwa picha za anga zinazojulikana sana duniani. Inaonyesha minara ya gesi na vumbi katika Nebula ya Tai, umbali wa takriban miaka-nuru 6,500 kutoka kwetu. Hata hivyo, mtu ambaye angefika huko asingeziona rangi zile kwa macho yake. Je, picha hiyo ni ya uongo? Makala haya yanashikilia kwamba picha hiyo ni tafsiri na wala si uongo. Kama ilivyo kwa tafsiri yoyote ile, ina kanuni zake na mitego yake. Mtego mmoja, yaani duara la nuru linaloizingira nyota, ndio utakaoshughulikiwa zaidi, kwa kuwa ndio unaopima uaminifu wa mtafsiri.

Lugha chanzi: nuru ya gesi

Gesi ya nebula haitoi nuru ya kila namna. Kila elementi hung'aa katika urefu wake maalumu wa wimbi. Haidrojeni hutoa nuru nyekundu ya nanometa 656.3, salfa iliyopoteza elektroni moja hutoa nuru nyekundu ya nanometa 671.6 na 673.1, nayo oksijeni iliyopoteza elektroni mbili hutoa nuru ya kijani-samawati ya nanometa 500.7. Mpiga picha huweka mbele ya kamera kichujio kinachopitisha ukanda mwembamba tu wa mawimbi, aghalabu nanometa chache, na kuzuia mengine yote. Hivyo basi, hupata picha tatu zisizo na rangi, kila moja ikiwa ushahidi wa elementi moja.

Lugha lengwa: rangi za macho yetu

Ikumbukwe kwamba haidrojeni na salfa zote mbili ni nyekundu. Zikiachwa katika rangi zao halisi, jicho halitazitofautisha. Ndiyo maana Hester na Scowen waliipa salfa rangi nyekundu, haidrojeni kijani na oksijeni samawati, kwa kufuata mpangilio wa mawimbi kutoka marefu hadi mafupi. Rangi ilibadilishwa ili maana ihifadhiwe. Mfasiri wa methali hufanya vivyo hivyo anapoliacha neno ili aokoe maana.

Tafsiri hiyo ina gharama. Haidrojeni kwa kawaida hung'aa kuliko salfa na oksijeni, kwa hivyo mchakataji hulazimika kuziongezea mwangaza picha mbili zilizo hafifu. Nyota, ambazo hutoa nuru ya mawimbi yote, huongezewa pamoja nazo. Nyekundu na samawati zikazidi kijani, nyota zote zikageuka kuwa za zambarau.

Duara la nuru na chanzo chake

Tatizo la pili ni gumu zaidi. Nuru ya nyota angavu ikishapita kwenye kichujio hukifikia kihisi cha kamera, na sehemu yake ndogo hurudi nyuma, ikagonga kichujio, kisha ikarejea kwenye kihisi. Kwa kuwa imesafiri masafa zaidi, haikusanyiki tena katika nukta moja. Hutanda na kuwa duara. Nuru hiyo ni kidogo mno ikilinganishwa na ya nyota yenyewe, lakini nebula nayo ni hafifu mno. Mchakataji anapoinua mwangaza ili nebula ionekane, duara nalo huinuka. Likiwa katika picha ya oksijeni pekee, nyota itavikwa duara la samawati katika picha ya mwisho.

Neno ‘pete’ halifai hapa, kwani pete ina uwazi katikati, ilhali umbo hili mara nyingi limejaa. Kwa sababu hiyo, makala haya yanapendekeza ‘duara la nuru’.

Kutofautisha kosa na ukweli

Si kila nuru inayoizingira nyota ni kosa. Nyota za Kilimia, ambazo kwa muda mrefu zimewaongoza wakulima kutambua misimu, zimezungukwa na vumbi halisi linaloakisi nuru yao ya samawati. Anayefuta nuru hiyo amefuta anga yenyewe. Vigezo vitatu vinasaidia. Kwanza, duara la kosa lina umbo la kihandisi, ilhali vumbi la Kilimia lina michirizi. Pili, kipenyo cha duara hutegemea nafasi kati ya kichujio na kihisi pamoja na umbo la darubini. Kwa hivyo nyota zote katika picha hiyo huwa na maduara yanayolingana, yakitofautiana kwa ung'avu tu. Tatu, duara aghalabu hubadilika au hutoweka kichujio kinapobadilishwa, ilhali nuru ya anga hubaki na umbo lake.

Tiba

Tiba bora ni ya chanzoni: kutumia kichujio chenye utando mzuri wa kuzuia uakisi, au kukigeuza upande na kulinganisha matokeo. Hilo likishindikana, duara lirekebishwe katika picha ya kichujio husika pekee, kabla ya rangi kuunganishwa, kwa kushusha mwangaza wake hadi ulingane na wa mazingira yake. Kisha nyota zitenganishwe na nebula kwa programu kama StarNet, nebula ichakatwe peke yake, na nyota zirejeshwe kutoka katika picha fupi zilizopigwa kwa vichujio vya kawaida vya nyekundu, kijani na samawati. Hapo nyota hupata rangi zake za asili na zambarau hutoweka. La kuepukwa ni kuchora mawingu ya kubuni pale duara lilipofutwa.

Hitimisho

Mchakataji ana uhuru wa kuchagua rangi, lakini hana uhuru wa kuongeza umbo lisilokuwepo. Aidha, anawajibika kutaja elementi gani imepewa rangi gani, na nyota zimetoka katika picha zipi. Kwa maelezo hayo mafupi, mtazamaji anaweza kuirudisha picha katika lugha yake chanzi. Bila maelezo hayo, picha hubaki pambo zuri la ukutani, na nebula yenyewe haijulikani.