"Attendee": Mtenda au Mtendwa?

Mwanafunzi wa tafsiri hutambua mapema kwamba kiambishi tamati "-ee" cha Kiingereza hulandana na kauli ya kutendwa katika Kiswahili. "Employer" ni mwajiri, "employee" ni mwajiriwa; "examinee" ni mtahiniwa, "interviewee" ni mhojiwa. Ulinganifu huu una chanzo chake. Kiambishi hicho kilitokana na Kifaransa cha Wanormani, walioitwaa Uingereza mwaka 1066 na ambao lugha yao ilikuja kutawala mahakamani huko kwa muda mrefu. Katika lugha hiyo kilikuwa alama ya kutendwa.

Kwa kigezo hicho, "attendee" angalikuwa mtu anayehudhuriwa. Sivyo, ni yule anayehudhuria. Wapo Waingereza wanaolikemea neno hili kwa sababu hiyo na kulipendelea "attender". Kemeo lao halina mashiko, kwani "absentee", yaani asiyehudhuria, ni neno kongwe zaidi na halilalamikiwi. Vivyo hivyo "refugee", lililotokana na jina la Kifaransa walilopewa Waprotestanti walioihama Ufaransa katika karne ya 17. Kiswahili humwita mtu huyo mkimbizi, kwa umbo la mtenda. (Mkimbiwa ni mwingine kabisa, na huenda ana malalamiko yake!) Nalo "attendant" haliwezi kuziba pengo, maana hilo ni mhudumu.

Je, tumwite nani basi kwa Kiswahili? "Mhudhuriaji" ni sahihi kimofolojia, ila kiambishi "-aji" aghalabu hudokeza mazoea, kama katika mfugaji au msomaji. Aliyefika mara moja tu kongamanoni hajawa na mazoea. Kwa maoni yangu, kirejeshi "waliohudhuria" kinatosha, na ndicho kilichozoeleka katika kumbukumbu za mikutano. Tatizo huzuka pale mfasiri anapoandika "washiriki" au "wajumbe" kana kwamba ni visawe. Mshiriki huchangia jambo. Mjumbe hutumwa na wenziwe, akasema kwa niaba yao. Mwalikwa naye ameitwa tu, huenda asifike.

Tofauti hizi si za kupamba lugha. Tuchukue chama ambacho katiba yake inataka akidi ya wanachama 30. Ukumbini wameketi watu 35, wakiwemo wageni 8 na mhadhiri mlezi wa chama. Kwa Kiingereza wote 35 ni "attendees", na katibu akiandika "washiriki 35" hakuna atakayeshuku. Hata hivyo, wanachama ni 26. Akidi haijatimia, na uchaguzi uliofanyika siku hiyo waweza kubatilishwa na yeyote atakayeisoma katiba kwa makini. Kwa hiyo katibu hana budi kuwatenga: wanachama waliohudhuria, waalikwa waliohudhuria, waliotuma udhuru, na waliokosa bila udhuru. Kiingereza cha ofisini nacho hutenga, kwa kuwaorodhesha wasio wanachama chini ya kichwa "in attendance". Kichwa hicho kikifasiriwa "waliohudhuria" bila kuongeza "wasio wanachama", kumbukumbu zitakuwa na orodha mbili zenye jina moja, na msomaji hatajua nani alikuwa na haki ya kupiga kura.